Mzinga Uliohamishwa Hatua Chache

Hakuwa na shamba. Hakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Hakuwa na mguu wa kushoto ulio mzima, wala nyumba yake mwenyewe. Fundi viatu alipanga vyumba viwili tu. Lakini uani alikuwa na mzinga wa nyuki alioachiwa na marehemu baba yake. Asali yake ndiyo iliyowavika watoto sare za shule.

Siku moja mwenye nyumba alifika uani. Alikuwa mwanamke mkali asiyerudia neno.

"Fundi, hapo penye mzinga nachimba choo kipya. Uondoe."

"Sawa, mama."

Kesho yake alfajiri, fundi na mkewe waliubeba mzinga hadi nyuma ya jiko, ng'ambo ya bomba la maji. Zilikuwa hatua chache tu. Kisha fundi akasita.

"Nyuki wakitoka, watajuaje njia ya kurudi?"

"Kwani sisimizi wanajuaje?" mkewe akajibu. "Si wanafuata harufu? Tuwachoree njia ya asali, kutoka kule hadi huku."

"Mama watoto, serikali inakosa waziri!"

"Waziri anasubiri kijiko. Kilete!"

Wakaichora njia, wakaenda kazini wakiwa na furaha.

Kabla ya adhuhuri furaha iliisha. Nyuki waliotoka kutafuta maua walirudi palepale pa zamani. Hawakuutazama mzinga. Walizunguka hewani, wakachoka, wakaning'inia kwenye nguzo ya bomba kama fungu la matope meusi. Njia ya asali nayo ilipata wasafiri, lakini wote walikuwa sisimizi. Waliingia mzingani kwa mstari.

Binti mdogo wa fundi alikwenda kuteka maji. Akaumwa kwenye kope, jicho likafumba. Mwenye nyumba alisikia kilio chake, akaja na chupa ya mafuta ya taa.

"Nikiwakuta hapa kesho asubuhi, nawachoma wote. Na mzinga."

"Mama, nakuomba..."

"Kesho asubuhi."

Fundi aliketi, chakula kikapoa mbele yake.

"Baba aliishi nao miaka yote," alisema. "Mimi nimewaua kwa siku moja."

"Hawajafa bado. Mwite Bibi Nyuki."

"Atanicheka."

"Acheke! Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Bibi Nyuki alikuwa afisa wa ufugaji nyuki. Alifika kwa pikipiki, akaitazama njia ya asali.

"Mhandisi wa barabara hii ni nani?"

Mke wa fundi akatazama vidole vyake vya miguu.

"Sisimizi wengi huacha harufu chini, wenzao wakaifuata," Bibi Nyuki alieleza. "Nyuki hukariri mahali. Siku ya kwanza akitoka, haondoki tu. Hugeuka akautazama mlango, akaruka huku na huku. Anakariri mti ule, ukuta ule, paa lile. Akienda mbali, jua humwonyesha upande wa kwao."

"Lakini mzinga uko hapo karibu! Hawauoni?"

"Fundi, ukitoka kazini ukute kitanda chako kimehamishiwa chumba cha jirani, utaelekea wapi?"

"Chumbani kwangu. Kwa jirani nitapigwa!"

"Basi nao vivyo hivyo. Mzinga husogezwa kidogo kidogo, kama urefu wa mkono kwa siku. Au hupelekwa mbali sana, mahali wasipopajua kabisa. Hapo hulazimika kujifunza upya."

"Siku za kusogeza sina," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Nina leo tu."

"Basi tuupeleke mbali. Una ndugu?"

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na shamba nyuma ya vilima. Dereva wa lori la maziwa alikubali kuupeleka. Kwanza waliwafagia sisimizi na kuifukia asali. Bibi Nyuki akaweka sanduku lenye sega karibu na bomba. Giza lilipokaribia, nyuki waliopotea walianza kuingia, mmoja mmoja. Fundi alijaribu kuwahesabu. Wangeingia wote? Walipotulia, Bibi Nyuki akavaa vazi lake na wavu wa uso, akawarudisha mzingani. Akafunga mlango kwa wavu upitishao hewa. Kabla ya mapambazuko lori likaupeleka mzinga shambani.

Asubuhi mwenye nyumba alikuta nguzo tupu. Akaondoka na chupa yake.

Majuma kadhaa baadaye, nyuki wakiwa wamepasahau pa zamani, mzinga ulirudishwa, ukawekwa nyuma ya jiko. Mbele ya mlango Bibi Nyuki aliegemeza matawi yenye majani, ili kila anayetoka ashtuke na kupatazama upya. Fundi hakwenda kazini siku hiyo. Nyuki wa kwanza akatoka. Akageuka, akautazama mlango, akapotea angani. Fundi akangoja. Hatimaye nyuki wakaanza kurudi, miguu imejaa chavua ya njano. Wakaingia nyuma ya jiko. Penye bomba hakwenda hata mmoja.

"Wamefika kwao!" mkewe alipiga kelele.

Dereva wa lori alikuwa bado yuko langoni, akacheka.

"Shemeji yako naye amepata mizinga miwili. Anasema Jumamosi anaihamisha kutoka zizini hadi nyuma ya nyumba. Ni hatua chache tu."

"Hatua chache!" Fundi aliruka kwa mguu wake mmoja mzima. "Usiondoke! Mama watoto, kalamu!"

Akaandika: "Shemeji, usiiguse mizinga kabla hujasoma haya yote." Akaeleza kila kitu, hata njia ya asali. Bahasha ilikataa kushika. Akaipaka gundi ya viatu, akaibana kwa nyundo, akamkabidhi dereva. Lori likaondoka.