Mama, Pacha na Masomo ya Hiari

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni kwetu, karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Siku hizi nikisikia mlio wa cherehani ya kukanyaga, nasimama hata kama nina haraka. Nasikiliza mpaka fundi aniulize, "Dada, unataka kushonewa?" Hapo naona aibu, naondoka.

Sebule ilikuwa ya Mama, sisi tulikuwa wageni tu. Ukikaa popote, unainuka na vipande vya uzi nguoni. Baba alikuwa fundi bomba. Alirudi jioni viatu vimelowa, na Mama alianza kelele kabla hajafika mlangoni.

"Ishia hapo hapo! Nguo za watu hizo!"

"Jamani, nisiingie kwangu?"

"Kwako ni chumbani. Vua viatu kwanza!"

Baba alivua huku anacheka. Ilikuwa hivyo kila siku, na hakuna aliyechoka. Laiti ningejua kwamba nitaukumbuka ugomvi ule kuliko sikukuu zote.

Mimi waliniita Macho. Si kwamba nilikuwa na macho makubwa, la. Macho ya Mama yalianza kuchoka, akawa hawezi kutia uzi kwenye tundu la sindano. Basi aliita, "Macho! Njoo!" Nami niliacha chochote nilichokuwa nafanya, nikaenda kumtilia uzi.

Mwishowe Baba alimpeleka kupimwa, nami nikawasindikiza. Mpimaji alikuwa na duka dogo karibu na posta, na mtaa mzima ulimwita Bwana Miwani. Alimvalisha Mama fremu nzito ya chuma, akawa anabadilisha vioo. "Hiki ni afadhali? Au hiki?" Ghafla Mama akanigeukia, akaniangalia kwa muda mrefu.

"We mtoto," akasema, "kumbe una chunusi!"

Tulicheka, na Bwana Miwani akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mimi nilitoka pale na jambo moyoni. Nilitaka kuifanya kazi ile. Nilitaka watu wakae mbele yangu hawaoni, wainuke wanaona.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwaka ulipokaribia kwisha, shule ikatupa fomu. Mwaka unaofuata, kila mwanafunzi angesoma masomo aliyoyachagua. Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja. Juu iliandikwa MASOMO YA LAZIMA: lugha, hisabati, baiolojia, jiografia. Chini iliandikwa MASOMO YA HIARI, CHAGUA MATATU: fizikia, kemia, historia, biashara, muziki, uchoraji, mapishi. Mwisho kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi. Fomu zilitakiwa zirudi Ijumaa, kabla ya saa nane mchana.

Rafiki yangu Pacha alinishika mkono siku ile ile. Pacha hakuwa pacha wangu. Watu walituita mapacha kwa sababu hatukuachana. Yeye alichukua jina hilo, mimi nilikuwa tayari na langu.

"Muziki, uchoraji, mapishi," akasema. "Wote wawili. Tutakaa darasa moja mpaka tumalize."

"Haya."

"Apa."

"Naapa."

Wala sikufikiri. Maisha bila Pacha niliyaona hayana chumvi.

Nyumbani nilimpa Mama fomu. Alikuwa anakunja pindo la gauni, amebana pini midomoni. Alisoma vizuri, Mama yangu. Shida haikuwa kusoma.

"Aa, hii rahisi," akasema, pini bado mdomoni. "Haya ya juu ni lazima. Haya ya chini ni hiari."

"Hiari maana yake nini hasa?"

Mama akatoa pini, akanyanyua shati la mteja.

"Ona. Kola ni lazima. Mikono ni lazima. Mfuko wa kifuani ni hiari. Ukiutaka nakuwekea. Huutaki, shati linabaki shati. Kwa hiyo masomo yenyewe ni haya ya juu. Haya ya chini ni mapambo. Weka unayoyapenda."

"Lakini mimi nataka kupima macho, kama Bwana Miwani."

"Macho si baiolojia? Baiolojia hii hapa, lazima. Umeshamaliza!"

Baba, naye yuko mlangoni hana viatu, akaongeza lake. "Weka yaliyo rahisi, upate alama nzuri. Nani anataka shida?"

Niliona wana akili kweli. Isitoshe, mtihani wa fizikia nilikuwa nimepata thelathini na nne. Nikaweka alama kwenye muziki, uchoraji na mapishi. Fizikia nikaipiga alama kubwa ya mkasi, nikaikoleza mara mbili. Mama akatia sahihi yake ya mikunjo mingi, tukala chakula kwa furaha.

Alhamisi skrubu ya miwani ya Mama ililegea. Akanituma nikitoka shule nipite kwa Bwana Miwani.

"Shikamoo."

"Marahaba, Macho. Mama kaikalia?"

"Hajaikalia. Skrubu tu."

Akatoa bisibisi ndogo kama kijiti cha meno. Wakati anakaza, nikamwambia kwa maringo kwamba nitasomea kazi yake. Alifurahi sana. Akataka kuiona fomu. Nikaitoa kwenye daftari, akaisoma. Bisibisi ikasimama.

"Fizikia iko wapi?"

"Nimeikata. Fizikia ya nini? Macho ni baiolojia."

Hakunigombeza. Alichukua kioo kimoja cha miwani, kile wanachokiita lenzi, akaenda nacho ukutani, upande uliotazamana na dirisha. Akakisogeza mbele, akakirudisha nyuma. Mara ukutani ikatokea picha ndogo ya barabara. Watu walikuwa wanatembea, rangi za nguo zao zinaonekana. Ila wote walikuwa kichwa chini, miguu juu.

"Lo!" nikasema.

"Nani kawapindua?"

"Hicho kioo."

"Kimewapinduaje?"

"Sijui."

"Baiolojia itakwambia jicho limejengwaje. Mwanga unapindaje kwenye kioo, hilo utaambiwa na fizikia. Kazi yangu ni mwanga kutwa nzima, binti yangu."

"Lakini imeandikwa ni hiari!"

"Ni hiari yako kuchagua. Si hiari ya chuo. Chuo kikisema kinataka fizikia, fizikia inakuwa lazima. Nami nilidhani kama wewe. Niliiacha kwa sababu mwalimu alikuwa mkali. Nilipoomba chuo, wakanirudisha nyumbani. Ikabidi nirudi darasani nina ndevu! Miaka miwili nilikaa dawati moja na mpwa wangu. Akanisahihishia kazi, halafu akifika nyumbani anamsimulia mke wangu nilichokosa."

Nilicheka, halafu nikaitazama tena ile fomu.

"Nilipata thelathini na nne," nikasema kwa sauti ndogo.

"Ulisoma, au hukusoma?"

Nikaangalia viatu vyangu. "Sikusoma."

"Basi hiyo siyo alama yako bado. Sikia. Unaanza na kazi unayoitaka. Unauliza wanaoifundisha wanataka masomo gani. Halafu ndiyo unashika kalamu. Wewe umeanza na kalamu. Na usiniamini mimi peke yangu, nilisoma zamani, mambo hubadilika. Muulize mwalimu wa taaluma. Yeye ana taarifa za vyuo."

Nilirudi nyumbani mbio. Nilipomaliza kumweleza Mama, cherehani ilikuwa imesimama na mguu wake bado uko juu ya kanyagio.

"Ina maana mimi ndiye niliyekupoteza?"

"Hapana, Mama."

"Nimekupoteza. Na sahihi nikatia." Macho yalimjaa machozi. Sikuwa nimewahi kumwona Mama akilia kwa ajili ya karatasi. Halafu akajifuta kwa kitambaa cha mteja, akasema, "Kesho twende."

Ijumaa asubuhi Mama aliingia ofisi ya mwalimu wa taaluma na futi kamba shingoni. Alikuwa amesahau kuivua. Mwalimu alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye mafaili mpaka chini ya meza.

"Mwalimu, tumekosea. Bado tunaweza kubadilisha?"

"Mpaka saa nane, Mama. Karibu ukae."

Alitafuta faili, akafungua ukurasa wa chuo cha wapima macho. Akanifanya nisome mwenyewe, nikifuata kwa kidole: baiolojia, hisabati, fizikia. Chuo kingine kilitaka na kemia juu yake.

"Chukua zote mbili, usijifungie mlango," akasema. "La tatu chagua la kukufurahisha. Alama za fizikia ziko chini, ndiyo. Tuna kipindi cha ziada Jumatano. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Mwalimu," Mama akadakia, "samahani. Hili neno lenu hiari limetuponza. Kwangu mimi hiari ni mfuko wa shati. Mtu akiandikiwa hiari, si ataona ni mapambo?"

Mwalimu akamwangalia, akaangalia fomu. "Miaka tisa naitoa fomu hii," akasema polepole. "Mama, hakuna aliyewahi kuniambia."

Akanipa fomu mpya na kalamu. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Wanaochukua fizikia na kemia wanakaa darasa lao, jengo la nyuma."

Kalamu ikawa nzito. Nilimwona Pacha akilini. Nilikuwa nimeapa.

"Naomba dakika tano," nikasema.

Nilimkuta Pacha bombani, anakunywa maji kwa kiganja. Nikamwambia yote.

"Uliapa," akasema.

"Najua."

"Sasa mimi nitakaa na nani?"

Bomba lilikuwa bado linachuruzika. Mtoto wa fundi bomba nilikuwa mimi, na sikukumbuka hata kulifunga. Pacha ndiye aliyelifunga.

"Macho, niambie kweli. Unapenda muziki?"

"Napenda wewe ukiimba."

"Sikukuuliza hivyo. Wewe ukiimba, hata kuku wanahama."

Nilicheka huku nalia. Yeye hakucheka.

"Mimi napenda muziki kweli," akasema. "Wewe ulikuwa unanifuata tu. Nenda kajaze fomu yako." Akaondoka haraka, hakugeuka.

Nikarudi ofisini. Nikaweka alama kwenye fizikia, kemia na uchoraji. Mama akatia sahihi, safari hii polepole.

Mwaka uliofuata nilihamia jengo la nyuma. Mtihani wa kwanza wa fizikia nilipata arobaini na moja. Sikukosa Jumatano hata moja, nikafika hamsini na nane, mwishowe sabini. Kumbe ile thelathini na nne haikuwa yangu kweli. Baba alizunguka mtaani na karatasi ya matokeo mfukoni, akaionyesha hata kwa watu waliomwita kuzibua sinki.

Na fomu ya shule ilibadilishwa. Chini ya MASOMO YA HIARI kukaongezwa mistari miwili: "Hiari maana yake unachagua wewe. Kabla ya kuchagua, uliza kazi unayoitaka inahitaji masomo gani." Mama aliomba nakala. Akaibandika ukutani juu ya cherehani, na kila mteja mwenye mtoto wa shule ilibidi aisome kabla hajapimwa kiuno.

Nilipokelewa chuo mara ya kwanza nilipoomba. Leo napima macho katika hospitali kubwa, mwaka wa kumi na nne huu. Mama aliniona nimevaa koti jeupe. Alikagua mishono ya koti kwanza, ndipo akanikumbatia. Hayupo tena sasa, wala sebule ile haipo. Namkumbuka kila siku.

Pacha yupo. Ni mwalimu wa muziki, na wanafunzi wake huimba mpaka mwili unasisimka. Tulibaki marafiki, ila si kama zamani, wa kulala na kuamka pamoja. Juzi alikuja kupima macho. Uzee unatubishia hodi wote. Nilipokuwa nambadilishia vioo, nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza.

"Siku ile bombani, ulinikasirikia?"

"Nilikukasirikia likizo nzima," akasema. "Halafu nikaja kukuchukua."

"Kunichukua wapi?"

"Darasani kwenu, jengo la nyuma. Nilitaka nikuombe urudi. Mwalimu wa taaluma angekubali, wiki ya kwanza ile walikuwa bado wanahamisha watu. Nikachungulia dirishani. Kengele ilikuwa imeshalia, wenzako wameshatoka. Wewe ulikuwa umeshika kioo, unakisogeza ukutani, unacheka peke yako."

Nikashusha mikono. "Mbona hukugonga?"

Pacha alinitazama kupitia fremu nzito ya chuma niliyomvalisha.

"Ungetoka," akasema.