Waliolala Katika Sanduku la Trekta

Ngo! Ngo! Ngo!

Mwanaima alizinduka gizani. Sauti ilikuwa karibu, tena karibu sana. Ngo! Ngo! Msumari ukalia kama panya aliyebanwa mkia. Ubao mmoja ukang'oka, na jua la asubuhi likammwagikia usoni.

"Amiri! Amka! Nyumba inavunjwa!"

"Nyumba gani?" akauliza mdogo wake. Alikuwa na miaka tisa, na usingizi wake ulikuwa mzito.

Nyumba yenyewe ilikuwa sanduku. Ndani yake lilikuwa limekuja trekta, kwa meli na kwa treni, mpaka Nachingwea kwenye mashamba makubwa ya karanga. Trekta lilikwenda shambani. Sanduku likatupwa nyuma ya karakana. Mwanaima na Amiri walikuwa wamelala humo miezi minne.

Uso wenye masharubu ukachungulia penye pengo. Alikuwa Fundi Saturnini, seremala, Mngoni kutoka Songea. Aliutazama mkeka wao. Akaitazama sufuria yao. Kisha akageuka na kupaza sauti.

"Jamani, njooni muone! Trekta limezaa! Tena limezaa mapacha!"

Mafundi wenzake wakacheka mpaka nyundo zikawaponyoka. Mwanaima akatoka nje, akasimama wima. Alikuwa na miaka kumi na saba, na hakupenda kuchekwa.

"Chekeni tu," akasema. "Sisi si takataka."

"Kabila gani wewe, mwenye mdomo mkali hivi?"

"Mmwera."

"Ahaa! Mtani wangu!" Saturnini akapiga makofi. "Babu zangu waliwakimbiza babu zako mpaka wakapanda milimani."

"Walipanda ili wapate mahali pazuri pa kuwarushia mawe babu zako."

Mafundi wakashangilia. Utani ndio huo. Zamani Wangoni na Wamwera walipigana kwa mikuki. Leo wanapigana kwa maneno. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani huyo huyo hawezi kukuacha katika shida. Akikuacha, aibu ni yake.

Saturnini akaketi juu ya ubao. "Sasa sema kweli, mtani. Watu wenu wako wapi?"

Mwanaima akaeleza. Mama yao, Fatu, alikufa Amiri akiwa mchanga. Baba yao, Yunusi, alikuwa kibarua wa karanga. Homa ilimchukua mwezi wa sita. Nyumba ya kambini ilikuwa nyumba ya kazi, kwa hiyo akapewa kibarua mwingine. Wao wakaenda kwa miguu hadi Mandawa, upande wa Ruangwa, kwa baba yao mdogo.

"Alitulisha siku tatu," Mwanaima akasema. "Siku ya nne akasema sisi si wa ukoo wake, twende kwa mjomba wetu. Alitufukuza. Tukarudi hapa."

"Na leo? Masanduku yote haya tunayavunja. Mvua nayo iko njiani. Mtalala wapi?"

"Kuna mtu wa hapa kambini anaitwa Kaimu. Amesema nikae kwake bure."

Saturnini akaacha kutabasamu. "Ana mke?"

"Hana."

"Na Amiri je?"

"Amesema Amiri atatafutiwa mahali pengine."

"Nani mwingine anajua habari hii?"

Mwanaima akatazama chini. "Amenikataza nisimwambie mtu."

"Sikiliza, mtani. Mtu anayekupa mahali pema pa kulala hakukatazi kusema. Tena hakutenganishi na ndugu yako. Njoo kwangu. Mke wangu atawapa uji."

"Na wewe nikuamini kwa nini?" Mwanaima akauliza. "Nawe ni mwanamume nisiyekujua."

Saturnini akainuka, na badala ya kukasirika akacheka kwa furaha kuliko mwanzo.

"Swali zuri! Uliza hivyo kila siku! Basi usiniamini. Mwambie mnyapara unakwenda wapi na nani. Waambie mafundi hawa. Nyumbani yupo mke wangu, wapo watoto wanne, na majirani kushoto na kulia. Usipopapenda, ondoka. Hakuna atakayekushika."

Mwanaima akaenda kwa mnyapara, akamwambia kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. Ndipo akamshika Amiri mkono, wakamfuata fundi.

Teodosia, mke wa Saturnini, alikuwa akikoroga uji wa mtama. Alizaliwa Mnero, karibu na kanisa, naye alikuwa Mmwera kama Mwanaima. Hakuuliza neno mpaka Amiri alipomaliza bakuli la tatu.

"Huyu ana tumbo au ana gunia?" akasema, akamwongezea la nne.

Aliposikia habari ya Mandawa, akatikisa kichwa. "Mwanangu, nani aliyekufundisha mila?"

"Hakuna. Nimekulia kambini. Huku kuna Wamakonde, Wayao, Wangoni, watu wa kila namna."

"Basi nikuambie. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama. Mlezi wako ni mjomba, kaka yake mama yako. Baba yako mdogo hakukufukuza. Alikuonyesha njia. Ila alikuonyesha vibaya. Ilimpasa awashike mkono, awapeleke mwenyewe."

"Kwetu Ungoni mtoto ni wa baba," Saturnini akadakia.

"Ndiyo maana mmejaa vita. Kula uji wako, Baba Dominiko," Teodosia akamwambia mumewe.

Mwanaima hakucheka. Miezi minne aliubeba uchungu ule wa Mandawa kama mzigo wa kuni. Sasa aliambiwa kwamba mzigo wenyewe haukuwa wake.

"Lakini mjomba simjui," akasema.

"Jumbe, mkuu wa eneo hili, atamtafuta. Kesho tunakwenda."

"Kwa jumbe? Siendi!" Mwanaima akasimama. Kambini, kila mtu asiye na kazi alimkimbia tarishi wa jumbe. Watu walisema akikukamata hukuonekana tena.

"Umewahi kumwona mtu mmoja aliyepotea hivyo?" Teodosia akauliza.

Mwanaima akafikiri. "Sijamwona. Nimesikia tu."

"Jumbe ana daftari. Jina lako likiwamo, siku usipoonekana yupo wa kuuliza. Jina lako lisipokuwamo, nani atauliza? Kaimu?"

Kesho yake walikwenda wote watatu, Teodosia mbele. Jumbe Abdalah alikuwa mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwanaima alimwamkia kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Jina la mama yako?"

"Fatu binti Mohamedi."

"Kwao wapi?"

"Sijui, Jumbe. Baba alisema walionana Nanganga."

"Panatosha kuanzia." Jumbe akaandika polepole katika daftari. Akaandika na barua kwa jumbe wa Nanganga, akampa dereva wa lori. Kisha akamtazama Mwanaima juu ya miwani. "Majibu huchukua siku kadhaa. Usiku huu mtalala wapi?"

"Kwangu," Teodosia akajibu.

Jumbe akaliandika na hilo. Kisha akachungulia chini ya meza. "Na wewe mdogo, unakula nini huko?"

Amiri alikuwa anatafuna. "Karanga, Jumbe."

"Umezipata wapi?"

"Mfukoni mwako, Jumbe. Zilikuwa zinaanguka."

Mzee akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Mwanaima akacheka pia. Alikuwa hajasikia kicheko chake mwenyewe tangu mwezi wa sita.

Siku ya nane lori lilisimama karibu na nyumba ya Saturnini. Akashuka mtu mrefu, mwenye kanzu iliyojaa vumbi, na kuku hai kwapani. Alimtazama Mwanaima, kuku akamtoroka.

"Pua ya Fatu!" akasema. "Mungu mkubwa! Hiyo ni pua ya dada yangu!"

Alikuwa mjomba wao, Isihaka. Alilia huku anacheka, na watoto wa Saturnini wakamfukuza kuku kijiji kizima.

"Nilipopata habari za msiba nilikuja hapa mara mbili," Isihaka akasema. "Niliita majina yenu kambi nzima, mpaka kwenye yale masanduku. Hakuna aliyeitika."

Mwanaima akashika kifua. Aliikumbuka sauti ile. Mgeni alikuwa akiita, naye akamziba Amiri mdomo mpaka mgeni akaenda zake.

"Nilikusikia, Mjomba," akasema. "Nilidhani ni tarishi. Nikajificha."

Isihaka akamwekea mkono begani. "Ulikuwa unamlinda mdogo wako," akasema. "Mlinzi kama wewe namtaka nyumbani kwangu."

Lakini Mwanaima hakupanda lori. Kwanza akaomba waende wote kwa Jumbe Abdalah, na mbele ya daftari akasema, "Mjomba, nakuheshimu. Nina maswali. Amiri atasoma?"

"Atasoma. Shule iko karibu."

"Mimi nitalala wapi?"

"Kwa bibi yako, chumba kimoja naye. Tukivuna mianzi tutakujengea kibanda chako uani."

"Hutaniozesha ili upunguze mlaji?"

Watu wakaguna. Binti kumwuliza mjomba hivyo! Isihaka akajikuna kidevu. "Siku utakayotaka mume utaniambia wewe. Na asiye na shamba nitamrudisha mimi."

"Andika, Jumbe," Mwanaima akasema. Jumbe akaandika.

"Pole, Isihaka," Saturnini akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote. "Unachukua Mmwera aliyelishinda trekta."

Huko Nanganga, nyumbani kwa mjomba, kibanda kilijengwa kwa ujima, siku mbili tu. Wanaume walisimamisha miti na fito. Wanawake walikanyaga udongo na kuchota maji. Bibi alipika ugali na kisamvu cha kuwashibisha wote. Saturnini alikuja na lori la Jumamosi, akapanda juu ya paa na kuanza kuimba, watu wakaitikia:

*Mwera huyu hana haya, alalaye sandukuni,*
*Leo tunajenga kaya, ya kumtoa shakani.*

"Funga nyasi, Mngoni!" Mwanaima akamwambia kutoka chini. "Mdomo hauzuii mvua!"

Mvua ya kwanza ilipiga mwezi wa kumi na mbili. Amiri alikesha akisubiri tone moja lianguke ndani, na halikuanguka. Asubuhi alikwenda shule na ubao wake wa kuandikia chini ya shati. Mwanaima akaenda kupanda ufuta katika kipande cha shamba alichopewa na mjomba.

Jioni moja Teodosia aliteremka kutoka katika lori la Nachingwea. Alikuwa na msichana mwembamba aliyeshika bahasha kwa mikono miwili.

"Huyu ni Valentina," Teodosia akasema. "Mmakua. Alikuwa analala kwenye ghala la magunia. Jumbe Abdalah amemwandikia barua. Mama yake mkubwa yuko Mtama, lakini lori hili linarudi Nachingwea sasa, huko litakwenda kesho, nami lazima nirudi nalo kwa watoto. Alale kwenu usiku huu."

Usiku ule wasichana wawili walilala kwenye mkeka mmoja. Mvua ilinyesha tena. Valentina aligeukageuka.

"Dada," akasema mwishowe. "Jumbe wa huko simjui. Na mama mkubwa hajaniona tangu nikiwa mtoto. Akinikataa je?"

Mwanaima akakaa. Akamshika Valentina mkono.

"Kesho napanda lori pamoja nawe," akasema. "Nitakaa mbele ya jumbe wa Mtama mpaka jina lako liandikwe, na sitaondoka mpaka nione mahali utakapolala na watu utakaolala nao. Na wakikukataa, Valentina, tutarudi wote wawili hapa. Nakuahidi."