Aliyeita Kutoka Mvukeni

Sauti ya wifi yake ilimwita kutoka kwenye mvuke. Mpiga pasi akafungua kinywa aitike, mara akamwona huyo huyo wifi dirishani, yuko uani anakunywa chai. Akafunga kinywa. Mvuke ulinuka nywele zilizoungua.

Kwenye kiwanda kile cha kufua mashuka, mvuke ulizuia mtu kumwona hata jirani yake. Kwa hiyo walikuwa na sheria yao: ukiitwa, itika "Nipo!" papo hapo, usije ukadhaniwa umetumbukia kwenye maji ya moto. Sheria nzuri. Jini naye akaipenda.

Yalianza bosi alipoleta mashine mpya. Watu wakanung'unika, naye akamleta mshauri wa kuwasaidia kuzoea mabadiliko, bwana mpole ambaye nguo zake hazikulowa mvukeni. Kipara, mkunja mashuka, ndiye wa kwanza kuiitikia sauti ya jini. Aliingia mvukeni akilalamika, akatoka anatabasamu, anashika mabomba ya moto kwa mikono mitupu. Mkewe alipomfuata getini, Kipara akamuuliza, "Nikusaidie nini, mama?"

"Mnaona?" bosi akasema. "Mwenzenu kashazoea."

Kashazoea! Mungu apishe mbali mazoea hayo.

Mpiga pasi hakujiogopea. Alimwogopea mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki, akamtafutia na kazi palepale. Akamvuta wifi yake, ambaye ndiye aliyekuwa nyapara wao, hadi stoo.

"Wifi, nakwambia wewe tu," alinong'ona. "Nimemkataza mdogo wangu asiitikie sauti yoyote ila yangu."

"Umefanya la maana," nyapara akamshika mkono. "Siri yako ni yangu."

Kesho yake mvuke ulitanda mzito, harufu ya nywele ikamkaba koo, mashine zikanyamaza zote kwa pamoja, na katika kimya kile mpiga pasi, midomo yake imefumbwa kabisa, akasikia sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake mwenyewe, ikimwita mdogo wake kwa lile jina la utotoni linalojulikana nyumbani tu: "Kitinda, njoo!"

"Usiitike!" akapiga kelele.

"Nipo, dada!"

Alimkuta nyapara mlangoni, macho chini.

"Ulimwambia?"

"Yule mshauri aliniahidi hataniita mimi," nyapara akalia. "Nina watoto, wifi."

"Na yule ni wa nani? Si mtoto wangu?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, na mpiga pasi alikuwa ameivaa nguo hiyo miaka yote. Iliuma, wallahi iliuma kuliko pasi.

Jioni alimrudisha mdogo wake nyumbani, akamkalisha jikoni, akabandika chai. Msichana alitabasamu tu, akimtazama dada yake kama anavyotazamwa mpangaji mgeni.

"Kitinda," dada akaita, machozi yakimtoka. "Kitinda wangu."

Midomo ya msichana haikutikisika.

"Nipo, dada," ikaitika birika, mvuke ukipanda. "Nitoe."