Mti wa Pili wa Ghala la Galbet

KABLA YA ADHANA

Chumba cha nyuma kilinuka ngozi mbichi za mbuzi. Gelle alitafuna miraa, akatema maji ya kijani katika kikombe kilekile alichonywea chai. Kaaha aligeuza uso.

"Waryaa, Keinan, sikiliza," Gelle alimwambia dereva. "Mlinzi akienda swala ya Ijumaa, tunaingia. Akirudi, ghala tupu. Kaaha, mweleze mashine yako."

Kaaha ndiye aliyeajiriwa kuihudumia kompyuta ya ghala, ofisini tu; penye mizigo hakuwahi kuingia. Ilitumia mfumo wa Linux, na haikusasishwa kwa viraka, kipande kwa kipande. Mfumo wake uliwekwa mzima, kama mti, na kila toleo jipya lilipandwa kando ya lile la zamani. Wakati wa kuiwasha, unachagua iamkie mti upi. Juzi alikuwa amepanda mti wa pili. Humo lango halijifungi, wala kengele hailii.

"Na kamera?" Keinan aliuliza.

"Zitarekodi. Lakini picha hukaa kando, nje ya..."

"Wacha mambo ya chuo," Gelle alimkatiza. "Tukimaliza unaung'oa mti wako, kila kitu kinakwenda nao. Basi."

Gelle alikuwa abti wa Kaaha, kaka wa mama yake, aliyemsomesha. Hakuzoea kumjibu mara mbili.

"Ni matairi tu, abti?"

"Matairi ya tajiri. Wallahi."

ADHANA

Mlinzi Abdiqani alitwaa birika lake la udhu, akaondoka. Kaaha aliingia ofisini, akaizima kompyuta, akaiwasha. Ikaamkia mti wa pili. Lango la chuma likateleza, likafunguka. Lori likaingia kinyumenyume.

HOTUBA

Hapakuwa na tairi hata moja.

Yalikuwa maboksi ya pakiti, kutoka ukuta hadi ukuta. Kaaha alizijua pakiti zile. Chakula cha lishe, cha watoto waliokondeana. Mwaka wa ukame mtoto wa dada yake Saynab alilazwa akiwa mifupa mitupu, na pakiti kama hizi ndizo zilizomrudishia mashavu. Gelle mwenyewe ndiye aliyembeba mikononi hadi wodini.

Keinan alirarua pakiti kwa meno, akalamba, akatema sakafuni.

"Tamu, bana! Kule mpakani Liboi watazigombania."

"Abti, hiki ni chakula cha wagonjwa."

"Ni mzigo." Gelle alifuta kidevu chake cha kijani kwa ubavu wa boksi. "Mtoto wetu si alipona? Unataka nini tena?"

Kaaha akarudi ofisini, akajifungia.

Mti wa kwanza ulikuwa palepale, haujaguswa. Akauchagua, akaiwasha upya mashine, kisha akaung'oa wa pili. Nje, lango likateleza na kujibamiza. Lori lilikuwa ndani. Kengele ikaanza kulia.

SALAMU

Gelle aligonga kioo cha ofisi kwa bastola. "Fungua lango!"

"Mti wa pili haupo, abti. Huu wa kwanza unataka kidole cha Abdiqani."

"Umeung'oa?"

"Ulivyosema."

Gelle alisikiliza. Huko msikitini swala ilikuwa imekwisha, na miguu ilikuwa inakuja mbio. Akaingiza bastola kiunoni. Hata akacheka.

"Sawa. Tumeleta mzigo, lango likatufungia. Nani atabisha? Picha zimekwenda na mti."

"Picha hazikai kwenye mti. Zina mahali pake kando, na miti yote inapatumia hapo hapo. Asubuhi nilikuwa nakueleza."

Gelle aliinua macho. Kamera ilimtazama kutoka pembeni mwa dari. Nyuma yake Keinan aliangusha pakiti aliyokuwa akiilamba.

"Na wewe umo humo, mjinga," Gelle alisema. "Uso wako ndio wa kwanza."

"Nimo."

Lango lilitikiswa kutoka nje. Abdiqani alimwita Kaaha kwa jina, kwa wasiwasi, akidhani yuko hatarini. Hilo likamuuma kuliko bastola.

Kaaha alivuta kiti, akakaa pale kamera ilipomwona vizuri.