Maji Yanakoinamia

Pima maji ilisema meza iko sawa. Fundi aliiweka kwa urefu, akaiweka kwa upana, akafumba jicho moja na kuitazama kwa lile jingine: lile povu dogo lilitulia katikati bila wasiwasi. Lakini maji ndani ya tangi yalikuwa yamelala upande. Kushoto yalikaribia kumwagika, kulia yalipungua vidole viwili, na samaki wote walikuwa wamejibana kwenye kioo cha kushoto, wakiutazama ukuta wa chumba cha binti yake.

"Macho yako tu hayo," alimwambia mkewe. "Meza nimetengeneza mimi."

Kiburi gani hicho, jamani! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu mtaa mzima ulikuwa umemsifu mpaka kichwa kikavimba. Binti yao, mtoto wa pekee, alikuwa akiomba samaki tangu ajue kusema, na sasa tangi la kioo lilikuwa limepatikana. Maji ni mazito. Tangi lile likijaa lisingenyanyuliwa na wanaume wanne, na mbao mbichi za dukani zingepinda tu. Fundi alitaka mbao zilizokauka, zilizokwisha kuzoea unyevu. Basi akaenda nyuma ya nyumba, akaubomoa mfuniko wa kisima cha zamani, mbao nene zilizokaa pale miaka na miaka bila kuoza. Shimo akalitupia bati na mawe.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alimkuta akipitisha msumeno.

"Baba, kisima kile kilifunikwa na watu wenye akili zao."

"Mama, waliogopa watoto wasitumbukie, basi. Bati nalo linafunika."

"Haya. Mimi nimesema tu," alijibu bibi, akaenda zake.

Fundi akakata, akapiga randa, akaunga miguu minne kwa gundi na skrubu. Ilikuwa meza hasa, ungeweza kumpandisha ng'ombe juu yake.

Siku ile ile maji yalipolala upande, binti aliamka usingizi wa mchana nywele zimelowa chapachapa. Mto mkavu, shuka kavu.

"Baba," alinong'ona, "kuna mtu anakunywa maji chini ya kitanda. Anakunywa, halafu ananyamaza. Anasikiliza kama nimelala."

Fundi aliinama akachungulia uvunguni. Hapakuwa na kitu, ila harufu ya tope la kisimani, harufu ya mahali ambapo jua halijawahi kufika. Alipoinuka, mtoto alikuwa ameanza kukohoa. Alikohoa mpaka akatoa maji, kikombe kizima, ya kijani.

Mwanamume yule hakuwa na imani na mambo ya majini. Imani yake ilikuwa kwenye kabari. Alichonga kipande cha mbao, akakigongea chini ya mguu mmoja wa mbele wa meza, na maji yakahama taratibu, yakaelekea nyuma, upande wa stoo. Hapo hapo binti akavuta pumzi vizuri, akaomba chakula. Fundi akajipiga kifua. Jioni mkewe alifungua stoo akamkuta paka wao amekufa, manyoya makavu, tumbo limejaa maji ndi. Asubuhi kabari ilikuwa imetemwa katikati ya sebule, na maji yamerudi kwa mtoto.

Mkewe hakuona uhusiano wowote. Fundi aliuona, akanyamaza. Ndivyo alivyokuwa, na mimi simtetei.

Mganga aliitwa mchana, jua likiwaka. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alipiga magoti, akatega sikio kwenye mguu wa meza kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa, akainuka haraka.

"Nani alikata mbao hizi?"

"Mimi."

"Yule wa kisimani alikuwa amelala chini ya mfuniko, hana pa kwenda. Wewe umempa miguu."

Mke alishika kinywa. Mama mkwe aliuliza, "Tuyamwage maji?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Ataenea nyumba nzima. Na msikimbie, atakayetoka nje ya ua kabla yeye hajashiba, atazama barabarani kwenye vumbi. Leo jua likianza kushuka atachukua mmoja, ndipo nitaweza kumfunga. Hatambui sura. Anafuata maji yanakoinamia. Na chumba hicho kisiwe kitupu, maana akikikuta kitupu atawamaliza wote."

"Ni chumba cha mwanangu!" alipiga kelele mke.

Mganga alitazama sakafu, akatoka uani.

Mke akamfuata, akamkumbatia miguu, akimsihi achukuliwe yeye. Fundi alikwenda stoo kuchukua nyundo na kabari, na aliporudi alijikuta peke yake sebuleni, pampu ya hewa ya tangi ikinguruma, na mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kugeuka njano. Akautazama mlango wa binti kushoto, umefungwa, akautazama mlango wa mama mkwe kulia, umefungwa pia, akajiambia yule bibi amekula chumvi nyingi, hana deni na dunia, akajiambia kwamba hata mwenyewe angekubali kama angeulizwa, akaona basi hakuna haja ya kumwuliza, akapiga magoti, akaingiza kabari chini ya miguu ya kushoto, akaigonga kwa nyundo aliyoizungushia kitambaa ili mkewe asisikie, akagonga tena, mpaka maji yakaondoka kushoto, yakapita katikati, yakaenda kulala kulia, na samaki wote wakageuka kwa pamoja kuutazama ukuta wa mama mkwe.

Nyuma ya ukuta ule kikaanza kikohozi chembamba. Kisha visigino vikapiga godoro, kisha mtu akanywa, mafunda marefu, bila kupumzika. Fundi aliziba masikio.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nisamehe."

Kukawa kimya. Maji yakasawazika, yakatulia kama ya bakuli mezani. Fundi alicheka, machozi yakimtoka, alicheka kweli kweli.

Mlango wa kushoto ukafunguka.

Mama mkwe alitoka pekupeku, amejifunga shuka ya mjukuu wake, ameshika kizingiti.

"Hajaja bado," alisema kwa sauti ya chini. "Nimelala pale kitandani muda wote, hajanigusa. Mimi nimeishi vya kutosha, baba, nikasema bora anichukue mimi. Usimwambie mama yake mpaka yaishe."

Fundi aligeuka, akautazama mlango wa kulia.

"Mtoto nimemlaza kwangu," alisema bibi. "Hebu kamwangalie, kama ameshapata usingizi."