Ijumaa Sita za Kiwiko

Umewahi, mwenzangu, kuulizwa wapi panapouma, ukajibu kwamba uko sawa tu? Basi utamwelewa Nasipwondi.

Alikuwa fundi wa nguo pale soko la Kibuye, msichana mrefu wa kutoka Kimilili, gauni lake la samawati lenye vitone vyeupe, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi. Miaka minane ya kukata vitambaa vizito vya sare za shule ilikuwa imekila kiwiko chake cha kulia, na mwaka ule wa tisini na tisa hata kikombe cha chai alikiinua kwa mkono wa kushoto. Mkono ukishaukataa mkasi, hakuna lililobaki ila kurudi kwa shangazi kulima.

Jumapili moja ya mvua, soko limefurika watu na matope, mwanamume alisimama mbele ya kibanda chake na koti jeupe lililoraruka mfuko. Nasipwondi akashika mkasi, mkasi ukamponyoka. Yule mwanamume akauokota, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono. Aliitwa Walter Ogola, mtabibu wa viungo wa kliniki moja ya misheni upande wa Milimani. Akamweleza kwamba wageni wa ng'ambo wameiazima kliniki mashine kwa Ijumaa sita tu, mashine inayopiga mapigo ya haraka juu ya mshipa uliochoka mpaka mshipa wenyewe uanze kujitengeneza. Yeye ataacha koti hapo, na Nasipwondi apeleke mkono kliniki.

Ijumaa ya kwanza alimpaka dawa baridi ya utelezi kwenye kiwiko. Chombo chenyewe kilikuwa kama tochi, na kililia kama mtu anayegonga bati.

"Mashine hii haina macho," Walter alisema. "Macho yake ni wewe. Nikifika panapouma sana, useme."

"Sawa, daktari."

"Ni hapa?"

"Sawa tu."

Hakukusudia kudanganya. Ndivyo alivyolelewa: mtu akikuhudumia, humlalamikii. Basi mashine ikapiga pembeni, Ijumaa baada ya Ijumaa, naye akauma meno na kushukuru. Wagonjwa wenzake walianza kujifunga vitambaa vya kichwa wenyewe. Yeye bado alikunywa chai kwa mkono wa kushoto.

Ila kulikuwa na jingine lililokuwa likikua. Walter alizoea kumpigia simu kwenye duka la jirani, kisa koti, wakazungumza mpaka mwenye duka akakohoa. Alimwita nyar Kimilili, binti wa Kimilili, akamtania kwamba anashona mfuko mmoja mwezi mzima. Nasipwondi alicheka tu. Mfuko ulikwisha siku ile ile ya kwanza. Aliufumua na kuushona tena, maana koti likirudi kwa mwenyewe, atakuja Kibuye kufuata nini?

Mama Adero, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kibanda cha pili, aliona yote.

"Mkono haujapona, fundi," akasema, "lakini uso umepona kabisa."

Ijumaa ya tano Walter aliizima mashine kabla ya wakati. Akasema inahamishiwa Eldoret, naye ameombwa aifuate huko, miaka miwili.

"Nikienda, wewe utaonaje?"

Mdomo wa Nasipwondi ukatoa ulichozoea.

"Sawa tu, daktari."

Walter akamfuta kiwiko kwa taulo, taratibu, wala hakumwita nyar Kimilili tena. Wiki ile simu ya dukani ililia kwa ajili ya watu wengine. Ijumaa ya sita Nasipwondi hakwenda. Mama Adero ndiye aliyemletea habari kwamba mashine imepakiwa kwenye lori, na lori limekwenda.

Jumapili, mvua bado inanyesha, Walter alikuja na begi begani, shati limelowa mgongoni. Alitaka koti lake. Nasipwondi alipomnyooshea, mkono wa kulia ukashindwa kulishika, koti likaanguka kwenye matope.

Walter hakuliokota.

"Ijumaa tano," alisema polepole. "Nilikuwa napiga wapi, Nasipwondi?"

Walter akaweka kidole gumba kwenye kiwiko cha Nasipwondi.

"Ni hapa?"

Mama Adero aliacha kupima omena. Yale maneno mawili yakamfika Nasipwondi kwenye ulimi, akayameza.

"Hapana," alisema. "Panda juu kidogo. Upande wa nje. Hapo." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Hapo ndipo panapouma tangu siku ya kwanza. Na mimi sitaki uende Eldoret, Walter."