Maneno ya Kisima cha Adu

Hivi wewe, umewahi kuona mashine iliyofundishwa nambari tu ikianza kusema? Swafwan, rafiki yangu, degree kabatini inaliwa na mende, alipata kibarua kwa kampuni ya maji Malindi. Pampu za visima hutuma kina cha maji, mtambo ukahifadhi. Mtambo ukikataa kitu, spika hulia tik.

"Kisima cha Adu chaleta error tangu fundi Zuhair apotee huko, tukakiziba kwa simiti," bosi akamwambia. "Rekebisha leo, ama kesho usije, bwana degree."

Chumba cha mitambo hakina dirisha. Stima ikapotea, mitambo ikabaki kwa betri, ikivuma gizani. Tik. Tik. Swafwan akaona template, ile fomu ya kupokea data, yakubali nambari pekee, kingine chote chatupwa. Akairekebisha ikubali maneno pia. Tik zikakoma. Kisha mahali pa kina cha maji ya Adu pakaandikwa: "Sasa mwanisikia?"

Bosi alisoma mara moja tu. "Rudisha nambari."

Swafwan ana mama mgonjwa. Akarudisha. Tik zikaanza upya, za haraka, kama ngumi kwenye simiti.

Nanyi wenye kampuni, very professional, sivyo? Kivunjeni kile kifuniko. Bado chagongwa.